Kaburi la Hajara Ndani ya Waya

Hajara wa Lobule hamwamini mtu, na mimi jirani yake simlaumu. Wakwe zake walikimbilia Zaire vita vilipoingia Koboko. Waliporudi, walikuta mihogo ya watu wengine imestawi kwenye shamba lao. Kilichowarudishia ardhi ni kaburi la babu wa ukoo, kwa sababu huku kwetu ukionyesha kaburi la mtu wako, mabishano ya shamba yamekwisha.

Basi mtafiti kutoka Arua, binti anayeitwa Ritah, alipokuja kuzungushia waya kipande cha mbuga ya Hajara, mwenyewe alikosa raha. Mwenyekiti wa kijiji alisharuhusu. Ritah alitaka kuona kama miti itachipua upya mahali ambapo mbuzi na moto wa kiangazi havifiki.

"Mama, mimi naangalia nyasi tu," alisema Ritah.

"Nyasi? Nani natoka Arua juu ya nyasi?" Hajara alimjibu. "Leo waya, kesho nyumba."

Ritah akacheka, na hapo ndipo alipoharibu. Kila alipoinama, Hajara alikuwa nyuma yake. Alipofunga vibati vyenye namba kwenye miche, Hajara aliapa kwamba viwanja vimeshagawiwa. Nilimwambia aache wasiwasi, ingawa mimi mwenyewe nilianza kuvitazama vile vibati kwa jicho la pembeni.

Ritah alipokwenda Arua, Hajara aliingia ndani ya waya na jembe. Akafukua, akarudishia udongo, akapanga mawe juu yake kama tunavyowapangia wafu wetu. Tulipouliza, alisema ni kaburi la zamani lililodidimia, yeye amelitengeneza tu. Hakutaja jina.

Ritah aliporudi alivua kofia, akaomba radhi, akahamisha waya wake wote. Jamani, Hajara alivyotamba! Hata kutembea alibadilisha.

Kisha akaja Dumo, ambaye shamba lake limepakana na mbuga ile. Alipiga magoti kwenye mawe, akalia kwa sauti mpaka watu wakajaa.

"Hii iko baba ya baba yangu," alisema. "Sisi natafuta yeye siku mingi. Asante, mama, kwa kutengeneza."

"Uongo!" Hajara alipiga kelele.

"Basi sema, iko nani ndani?"

Hajara hakuwa na jina la kutoa, na akinyamaza mbuga inakwenda. Nilimhurumia sana. Akashika jembe, akaanza kufukua mbele yetu. Wanawake walipiga mayowe, maana hakuna anayefukua kaburi huku. Dumo aliacha kulia. Alisimama akimtazama tu, macho makavu, mpaka jembe likagonga udongo mgumu ambao haujawahi kuguswa.

"Munaona?" alisema Hajara akihema. "Hapana mutu. Mimi natengeneza hii na mikono yangu. Shamba iko yangu!"

Dumo alijipangusa vumbi magotini, polepole, kama mtu asiye na haraka. Kisha akanyoosha kidole nyuma ya nyumba ya Hajara, lilipo kaburi la babu wa ukoo, lile lililowarudishia ardhi.

"Na ile, mama? Ile iko mutu ndani?"

Sote tukageuka kulitazama. Hata mimi.