Mtoto wangu alikuwa kimya mno, na juu ya paa kulikuwa na kitu kinatembea (Munje, wakati wa El Nino)

Wakuu, salamu kwenu nyote, na shikamooni mlionizidi umri.

Nimesoma uzi wa yule dada anayeuliza kama ni sawa kichanga chake kulala kutwa bila kulia. Watu wakampongeza eti kapata mtoto mtulivu.

Nimeshindwa kupita hivi hivi. Haya ninayoandika yalinipata mimi, ndani ya nyumba yangu, sikusimuliwa.

Dada, kama hanyonyi vizuri, acha kusoma hapa. Mpeleke hospitali kwanza, huu uzi utaukuta.

Sasa twende.

Nilikuwa kijana, nafua mashuka kwenye hoteli moja Diani. Wageni walikuwa wameadimika, tukaambiwa tukapumzike nyumbani. Nikarudi Munje kwa mke wangu, Mwanamisi, ana mimba ya kwanza.

Wakuu, hofu za mimba ya kwanza mwazijua. Miguu ikivimba kidogo, silali. Mtoto asipocheza tumboni, naweka sikio nasikiliza kama redio mbovu. Kliniki alienda, sindano za pepopunda alichomwa. Mimi nilishamchagulia mtoto kazi kabisa: rubani. Darasa la saba nimemaliza kwa taabu, lakini kuota hakuna karo.

Uchungu ukaja mvua imefunga barabara. Akajifungulia nyumbani, mikononi mwa mkunga. Mtoto wa kiume. Alilia mara moja, sauti nzuri, tukamwita Bakari.

Kisha akanyamaza.

Kwetu mzazi na mtoto hukaa ndani arobaini. Dirisha likafungwa, upepo usiingie wala jicho la mtu. Ndani ni koroboi tu, mchana kama usiku. Mtoto akafungwa mvuje mkononi, ile dawa inayonuka vikali ili mashetani wasimsogelee. Mimi baba naruhusiwa kuchungulia mlangoni, basi.

Kila asubuhi alikuja mkandaji. Humkanda mke wangu kwa maji ya moto, kisha humpaka manjano na mafuta ya nazi mwili mzima. Mashuka manjano, kanga manjano, ukuta wenyewe una vidole vya manjano.

Na mtoto naye akawa wa manjano.

Mke wangu ndiye aliyeona kwanza. Mama mkwe wangu, aliyekuja kumlea mzazi, akamcheka, "Si wewe wamnyonyesha umejipaka? Rangi yamshika, halafu wauliza!" Na mimi dobi nikaunga mkono kwa kiburi kabisa: doa la manjano nalijua, likishika halitoki.

Halafu zikaanza zile hatua.

Mchana, mkandaji akishaondoka, kitu kilitembea juu ya makuti. Polepole. Kinaanzia kipaani juu, kinashuka mpaka sawa na kitanda, kinasimama.

Mwanamisi alinong'ona kupitia mlangoni, "Baba Bakari, kikisimama, mtoto hufumbua macho. Atazama juu. Hapepesi, halii."

Nikamwambia ni uchovu. Siku iliyofuata nikakaa mlangoni nikasikia mwenyewe. Tap. Tap. Tap. Kimya. Nikamtazama mwanangu kwenye ule mwanga wa koroboi. Macho wazi, yameelekea pale pale kilipokoma.

Wakuu, mwili ulinisisimka mpaka kwenye meno.

Mama mkwe hakutaka hata tulitaje jina la kitu kile kwa sauti. Nyuni. Ndege wa kijini, kivuli chake kikimwangukia kichanga, degedege linamchukua. Akaongeza mvuje, akaweka kisu chini ya mto.

Mtoto akazidi kulala. Akipewa ziwa anavuta mara mbili, mdomo unalegea. Majirani kule nje, "Mashallah, mtoto mpole!" Mimi usingizi sina, namsubiri alie. Nilitamani kilio chake kama mtu anavyotamani maji.

Kisha, mchana mmoja wa mvua kubwa, hatua zilishuka kama kawaida, zikasimama, na safari hii yakasikika makuti yakichanwa.

Krrr.

Maji yakamwagika kitandani. Mama mkwe akapiga kelele, Mwanamisi akatoka mbio na mtoto, wakaja kuketi sebuleni, mlango wa mbele uko wazi.

Ndipo nikamwona mwanangu kwenye mwanga wa Mungu kwa mara ya kwanza tangu azaliwe.

Alikuwa wa manjano mpaka nyayo. Nikalowesha kitambaa nikamsugua mguu taratibu. Kitambaa kikabaki cheupe.

Nikamfumbua jicho kwa kidole. Weupe wa jicho nao manjano, kama kiini cha yai.

"Mama," nikamwambia mama mkwe, "mkandaji ampaka mtu ndani ya macho?"

Alitazama, akaketi chini.

Nikasema twende hospitali Msambweni. Akashika mlango. "Hajatimiza arobaini, wamtoa mvuani, na yule yuko juu ya paa amngoja?"

"Humu ndani pia yuko juu yake, mama."

Akamchukua mtoto yeye mwenyewe, akamfunga kifuani chini ya kanga mbili, akasema, "Atakayemtaka aanze na mimi." Gari hazikuwa zinafika kwa matope. Tukatembea, mimi nimeshika mwavuli, Mwanamisi ameniegemea.

Muuguzi alimtazama mara moja tu, akaita daktari. Wakatuambia ni umanjano wa vichanga, jaundice. Watoto wengi hupata kidogo na huisha, lakini ukizidi huingia kwenye ubongo. Huyu ulikuwa umezidi, ndiyo maana alilala vile.

Wakamvua nguo, wakamfunika macho kwa kitambaa cheupe, wakamlaza chini ya taa za buluu. Chumba kizima buluu, na yeye katikati, hatikisiki.

Mama mkwe akashika mdomo. "Mwanangu, mbona wamfunika kama maiti?"

Muuguzi akasema, "Mama, twamkinga macho tu. Maiti hatumwashii taa."

Sijui kama ulikuwa utani. Tulikaa pale tunaitazama ile buluu, maziwa ya mama yake akinyweshwa kidogo kidogo kwa kikombe, mpaka kesho yake walipomchoma kisigino kutoa damu.

Akalia.

Alilia kwa hasira mpaka akawa mwekundu! Mwanamisi akacheka huku analia, mama mkwe akapiga kigelegele wodini akafukuzwa.

Tuliporudi nikapanda kuziba paa. Makuti yalikuwa yamevutwa kwa nje, tundu moja tu, sawa na kitanda. Nikasema ni tumbili. Mama mkwe akaniuliza, "Tumbili gani atembea na mvua, siku zote peke yake, chumba kimoja?"

Najua tu lile tundu ndilo lililotutoa gizani.

Somo langu: kichanga mtazameni kwenye mwanga wa mchana, macho na nyayo. Akiwa manjano hivyo, au analala hataki kunyonya, msingoje arobaini. Na msingoje paa litoboke.

Rubani hakuwa. Bakari siku hizi anakodisha spika za harusi, huku Msambweni nzima wanamlalamikia kelele.

Mimi sijawahi kumwambia apunguze.

Karibuni, wakuu. Na dada, ukirudi kutoka hospitali tuandikie hapa, nangoja.