Siku Bi Misumari Alipopingwa

Ubishi wa yule mama, acha tu. Alikuwa fundi wa makochi, na mtaa mzima ulimwita Bi Misumari kwa sababu misumari midogo ya kazi aliibana mdomoni, na bado akagombana na wateja bila kumeza hata mmoja. Ukimletea kochi aliwekee kiraka, umejitafutia balaa. "Mimi kazi ya juu juu sifanyi! Navua kitambaa chote nione ndani, au beba kochi lako."

Aliishi na homa ya ini miaka mingi, na kila miezi sita alikwenda kupigwa picha ya tumbo, hakosi. Ndiyo maana saratani ilipoanza kwenye ini, iliwahiwa ikiwa ndogo kama harage. Daktari akawaeleza yeye na binti yake: kuna kukata kipande cha ini, kuna kuuchoma uvimbe kwa sindano ya joto inayopitia kwenye ngozi, na kuna kupandikizwa ini jingine. "Kwako, mama, naona sindano ndiyo inayofaa."

"Sindano?" Bi Misumari akawaka. "Yaani mimi nitiwe kiraka? Nipasue, toa uozo wote, tumalizane!"

Daktari akasema ini lake lina makovu, likikatwa huenda litakalobaki likashindwa kazi. Wapi! Mama kashaziba masikio. Ndipo binti yake, aliyeshona naye tangu amalize shule na hajawahi kumbishia hata rangi ya uzi, akasimama.

"Hapana, mama. Kochi lenye fremu iliyochoka, si wewe unayenikataza kuligonga nyundo? Unasema litanivunjikia mkononi. Daktari anakwambia hilo hilo. Mimi nakutaka mzima, mama. Ubishi mwachie mwingine."

Mama akampandisha na kumshusha kwa macho, kisha akamgeukia daktari. "Haya. Choma."

Akachomwa, akarudi nyumbani akilalamikia uji wa hospitali. Picha iliyofuata ikaonyesha uvimbe wote umekufa, ila daktari akamsisitizia aendelee kuja, kwani ugonjwa huu huweza kuchipuka upya.

Nje ya chumba cha daktari, mabenchi yalijaa wagonjwa. Bi Misumari akamshika binti yake mkono, akamsimamisha mbele yao.

"Mnamwona huyu? Alinipinga mbele ya daktari! Nimemzaa mimi!"

Machozi yakamtiririka, wala hakuyafuta.