Pumzi ya Mjomba Nurdin

Mjomba wangu Nurdin wa Chilangala ni mbishi, na nasema hivyo huku nikimpenda. Maisha yake yote amepulizia mikorosho salfa bila kufunga kitambaa puani, kwa madai kwamba kitambaa kinamtia joto. Kifua kikaharibika. Siku hizi akitoka barazani kwenda jikoni husimama njiani kupumua, na ukimuuliza anasema alikuwa anatazama kuku.

Shamba alikuwa tayari kuwaachia wengine. Kilichomuuma ni zikri. Mjomba ni mtu wa twarika ya Kadiria, na katika zikri yao watu husimama duara, wakashikana mikono, wakalitoa Jina la Mungu kutoka kifuani, pumzi juu ya pumzi, kwa haraka na kwa pamoja. Alifundishwa kwamba mja akidumu hapo, ipo siku atajisahau kabisa, abaki Mungu peke yake. Siku hiyo ameingoja tangu hajaota ndevu. Sasa pumzi zenyewe hana. Alijaribu, akakatika katikati, akatoka duarani akikohoa, na tangu hapo akawa anakaa nje na viatu vya wenzake.

"Mungu amenifungia mlango," alimwambia mkewe, Pili, ambaye yeye humwita Mama Zaituni kwa jina la binti yao.

Mkaza mjomba Pili hana subira na maneno ya namna hiyo. Alimjibu kwamba mlango huo ameufunga mwenyewe, kisha akaenda kumwomba Jumanne, khalifa anayeongoza zikri, amrudishe mumewe duarani.

Siku ya maulidi, baada ya swala ya alasiri, Jumanne akamwita mjomba mbele ya watu. Mjomba akakataa, akasema atawaharibia. Jumanne akamshika mkono.

"Simama hapa karibu yangu, Baba Zaituni. Ukichoka, nipo."

Zikri ikaanza. Mimi nilikuwa kwenye mkeka wa wanawake, roho juu. Kifua cha mjomba kilikuwa kinapiga mluzi, sote tunakisikia. Vijana wakakaza mwendo kama kawaida yao, lakini Jumanne, ambaye hashikani mikono na wenzake bali hushika mwendo kwa makofi, hakuwafuata. Alikuwa amemwinamia mjomba, anapiga kofi pale tu mjomba anapotoa pumzi. Vijana wakamtupia macho ya kuudhika. Wazee ndio walioelewa kwanza, wakapunguza, na vijana nao wakafuata. Mwishowe duara zima, wanaume wa kubeba magunia ya korosho, likawa linavuta pumzi fupi, linangoja, linatoa Jina, linangoja tena. Mjomba alikuwa amefumba macho, machozi yanamtoka, na hakukatika hadi mwisho. Nililia bila aibu.

Tukirudi nyumbani alitembea polepole katikati yetu. Alianza kwa kulalamika kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu, zikri wanaikokota. Kisha akamgeukia mkewe.

"Mama Zaituni," akasema, "leo kifua changu sikukisikia kabisa. Nimesikia Jina tu."

Mkaza mjomba Pili akasema alhamdulillahi, akamfuta jasho kwa upindo wa kanga. Hakumwambia kwamba yeye alikisikia, kikitoka kwenye vinywa vya watu wote.