Neno Moja Kwenye Ramani ya Itetemia

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya ramani, Tabora mjini, sikupewa kalamu. Nilipewa wembe. Enzi zetu ramani zilichorwa kwa wino juu ya kalki, karatasi inayopitisha mwanga, na aliyekosea aliukwangua wino kwa wembe, taratibu, asitoboe karatasi. "Jifunze kufuta kwanza," aliniambia Mchoraji Mkuu, mzee wa mtaa wa Ng'ambo asiyevua kofia hata mezani. Nilinuna kutwa nzima.

Alikuwa na sheria nyingine: maneno machache. "Ramani si barua ya posa, kijana." Kwa hiyo nilipopelekwa Bukene kuchora mitaa ya kandokando ya reli, kisha nikarudishwa Tabora kuchora Itetemia, pembezoni mwa mji, nilikuwa bingwa wa kufupisha. Nilipowakuta vijana wanacheza mpira mahali pa wazi, niliandika neno moja tu: Kiwanja.

Wasomaji wangu, mmeshaliona kosa. Mimi sikuliona. Kiwanja ni mahali pa kuchezea, na kiwanja ni mahali pa kujengea nyumba. Miaka ilipita, ramani ikanakiliwa upya, na mwenzangu akalikuta neno lile ndani ya mistari minne, akalipa namba kama ploti nyingine yoyote. Asubuhi moja watu wa Itetemia wakatujia ofisini wamefura. Bikoni, yaani vile vigingi vya zege vya mipaka, zilikuwa zimesimikwa kati ya goli na goli.

Wakati huo Ofisa Ardhi wetu alikuwa mama mmoja mkali lakini mwenye haki. "Hapajajengwa bado, naweza kuifuta ploti," alisema. "Lakini nataka jina la uwanja, lililopitishwa na kikao cha mtaa. Nenda ukaniletee." Hakujua lile neno la kwanza liliandikwa na nani. Nami sikumwambia.

Kikao kilifanyika palepale uwanjani. Wamoraviani walitaka jina la mwinjilisti wao wa kwanza. Waislamu wakataka la fundi cherehani aliyewashonea vijana jezi bure. Wakavutana mpaka mwenyekiti wa mtaa akapata ujanja. "Tumheshimu huyu bwana ramani anayetupigania. Uwanja uitwe kwa jina lake!"

Wakapiga makofi. Jamani, jina la uwanja ni tamu likiwa lako! Nilisimama kushukuru, nikasikia aibu inanipanda mpaka masikioni.

"Msinishukuru," nikasema. "Neno lililotaka kuwanyang'anya uwanja huu nililiandika mimi, kwa mkono wangu."

"Kumbe ni wewe!" akafoka kapteni wa timu. Nikajua leo nimekwisha. Mbele yangu alikuwa ameketi bibi mmoja Mnyamwezi, mkulima wa jirani, akinikazia macho.

"Shikamoo, bibi," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Huo mzigo umeubeba siku nyingi?"

"Tangu mlipokuja ofisini, bibi."

"Basi umeutua mahali pake. Babu yangu alikuwa mpagazi. Alituambia misafara ikitoka Ujiji, hapa ndipo walipotua mizigo, wakaoga, ndipo waingie mjini. Wenyewe walipaita Tuamzigo. Mnagombania jina la nini, na jina lipo?"

Kapteni alikuwa wa kwanza kucheka. Kikao kikapitisha kwa sauti moja, Wamoraviani na Waislamu pamoja.

Jumatatu nilimpelekea Ofisa Ardhi jina, na kosa langu pia. Akanisogezea kalki. "Liandike mwenyewe," alisema. "Na usifupishe."

Sasa nimestaafu. Binti yangu hutazama mpira wa Uskochi kwenye simu, ananitajia viwanja vya kule vilivyobeba majina ya mashamba na vilima vya zamani. Nafurahi kusikia hata wenzetu wa mbali hawakuyatupa. Ninyi vijana mnaopima mitaa mipya kwa kompyuta, nawaomba jambo dogo: mkikuta watu wanacheza mpira, ulizeni kwanza pale panaitwaje. Wenyeji watabishana, na ninyi muwe na subira.

Jumapili iliyopita nilikwenda Tuamzigo kutazama timu ya wasichana. Walicheza vizuri, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mama aliyekaa karibu nami, mgeni wa mtaa, akaniuliza, "Mzee, hivi uwanja huu aliupa jina nani?"

Nikamjibu, "Wapagazi."