Mngurumo wa Gari la Kaka

Sijui kama haya yanafaa kuandikwa. Shule niliishia darasa la saba, na kwenye magari najua kuendesha tu. Nitajaribu kuyaweka yalivyokuwa, bila kumwonea mtu.

Kaka yangu alipofariki aliacha gari dogo, nikabaki nalo mimi ili nimpeleke mama kliniki ya moyo kutoka kwetu Masukulu. Gari lilikuwa na ugonjwa wake. Ukisimama, injini inapanda yenyewe, inalia kama mtu kakanyaga mafuta, inashuka inataka kuzima, halafu inapanda tena. Kaka aliishi nalo hivyo hivyo. Akifika chini ya migomba alishuka kufungua geti la miti, gari nyuma yake linalia, na mama jikoni anajua nani kaja. Anabandika maji ya chai.

Nilipoanza kuja nalo mimi, mama aliendelea kubandika. Mara ya kwanza alitoka mpaka mlangoni, akanitazama.

"Ah, ni wewe. Ndaga, mwanangu," akanishukuru kwa kilugha chetu.

Hakuwa amesahau. Kaburi liko pale pale uwanjani, analifagia kila asubuhi. Nadhani ni miguu tu iliyokuwa inamtangulia.

Siku moja ya mvua mama alikuwa anapanda gari, mguu mmoja bado uko chini. Injini ikapanda ghafla, gari likaruka mbele, mama akaanguka kwenye tope. Goti lilichubuka. Labda breki sikuikanyaga vya kutosha. Labda ningeikanyaga pia lingeruka. Mpaka leo sina hakika.

Nikasema nalipeleka kwa fundi. Dada yangu akanigeukia.

"Litengeneze, uone! Hicho kilio ndicho mama alichobakiwa nacho."

"Na likimkanyaga?"

"Mpeleke na bodaboda."

"Mwenye moyo mbovu, dada? Na milima hii?"

Akaendelea kumenya ndizi. Siwezi kusema nilimshinda. Alichosema kilikuwa kweli.

Fundi wa kwanza, wa Msasani ya huku kwetu, alichomeka mashine yake, ikaonyesha kwamba mafuta hayatoshi kwenye injini. Akasafisha nozeli, akabadilisha chujio la mafuta. Chujio lilikuwa jeusi kweli, kwa hiyo simlaumu. Lakini gari likalia vile vile.

Wa pili, wa Ibighi, aliliacha lingurume, akachukua chupa ya maji akawa ananyunyizia kwenye mipira ya injini, mmoja mmoja. Alipofika kwenye mpira mmoja wa nyuma, mlio ukashuka. Maji yalipokauka, ukapanda.

"Mafuta hayajapungua, bosi. Ni hewa imezidi," akasema. "Gari yako inapumulia pasipo na pua."

Akauchomoa. Haukuwa mpira wa gari hata kidogo. Ulikuwa mpira wa bomba la kupulizia dawa shambani, umekatwa kwa kisu, umekakamaa kwa joto na kupasuka.

"Nani kafanya hii? Huyu mkulima au fundi?" Akacheka.

Nikauchukua, nikautazama. Waya uliofunga mpira ule ulikuwa umesokotwa kuelekea kushoto. Kaka alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Kumbe mwenyewe ndiye aliyeuweka, kwa kilichokuwepo nyumbani, na kwa siku zile ulimfikisha. Fundi aliponitazama usoni aliacha kucheka, akaufunga mpira mpya.

Nilirudi Masukulu na gari limetulia. Nikasimama chini ya migomba, nikafungua geti, nikaingia. Jikoni hakuna aliyetoka. Nilizima, nikakaa ndani ya gari kidogo, kisha nikapiga hodi.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, moto umepungua.

"Umekuja na nini?"

"Na gari, mama. Limepona."

"Sikulisikia."

Akatoka, akalizunguka polepole, akaweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa bado ya moto.

"Hebu liwashe."

Nikawasha. Akatega sikio.

"Sasa lifanye lile."

Nilijua analotaka. Nikakanyaga mafuta, injini ikalia, nikaachia. Nikakanyaga tena. Nilijitahidi kufuatisha kupanda na kushuka kwake nilivyokumbuka. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kichwa amekiinamisha.

"Hapana," akasema. "Lile lilikuwa linapanda lenyewe."

Akarudi jikoni. Baadaye nikasikia anachochea moto, anabandika maji yangu ya chai.