Macho ya Kaka na Chombo cha Mdachi

Shule mimi sijakaa ndani yake hata siku moja. Nje yake nimekaa, kwa ajili ya kaka yangu.

Ilikuwa enzi za Mdachi, yaani Mjerumani, vita yake na Mwingereza bado. Kijiji chetu kilikuwa upande wa Handeni. Ukiondoka alfajiri unaingia Korogwe jua linaelekea kuzama. Akaja ombasha mmoja, askari mwenye cheo kidogo na tumbo kubwa, anaongea kama aliyemeza kibuyu: "Serikali inataka vijana. Wenye macho. Wasioogopa kwenda juu."

Akaeleza kwamba Ulaya wametengeneza chombo kinachoruka, na jeshi litakileta huku. Mzungu atakaa mbele anaendesha, kijana atakaa nyuma anatazama chini adui yuko wapi. Akishazoea, naye ataendesha. Kwa hiyo wafundishwe mapema, Korogwe, chombo kikifika kiwakute tayari.

Wazee wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kaka yangu hakucheka. Alikuwa ndiyo kwanza anaota ndevu; yeye alikuwa anaziona, sisi bado.

Ombasha akawapandisha vijana juu ya msufi. Wengi walifika tawi la kwanza wakakumbuka kwamba wana kazi nyumbani. Kaka akapanda mpaka kileleni.

"Njiani unaona nini?" ombasha akauliza.

"Mwanamke amebeba kuni. Ni shangazi, na amekasirika."

"Hasira unazionaje kutoka huko?"

"Shingo kaikaza, bwana."

Tukamngoja huyo shangazi. Akafika, akabwaga kuni, akaanza kumsema mumewe hata salamu hajatoa. Ombasha akasema, "Huyu kijana ndiye."

Akamwomba baba. Baba yangu alikuwa mpole, hajui kumnyima mgeni. "Mchukue tu, bwana. Mchukue." Na wale vijana wengine wawili waliofaulu, baba zao wakatoa vilevile, roho safi kabisa. Ombasha alikuwa mtu wa mbali, angejuaje? Kwetu Wazigua mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Ukimwomba baba akupe mtoto ni kama kumwomba mtu mbuzi wa jirani yake. Atakupa hata wawili.

Mjomba alikuwa shambani kwake, mbali. Aliporudi akakuta mpwa wake hayupo. Hakugomba. Alivaa kanzu, akashika fimbo, akaongoza njia. Mama na mimi tukafuata nyuma na unga.

Tuliwakuta Korogwe uwanjani, upande wa Manundu. Kulikuwa na kiti kimefungwa kamba kwenye boriti, kaka kakalishwa, ombasha anakizungusha mpaka kamba inajisokota, kisha anakiachia. Kikisimama, kijana anashuka anatembea mpaka kwenye bendera. Wenzake walitembea kama watu wanaotoka kwenye pombe ya harusi. Kaka alikwenda moja kwa moja, akaigusa bendera, akageuka. Sura ile aliyokuwa nayo sikuwahi kuiona nyumbani. Nikajua huyu tukimrudisha, tutarudisha kiwiliwili tu.

Mdachi mwalimu alikuwa mwembamba, shingo nyekundu, maneno yanamtokea puani. Mjomba akamwendea. Mjomba wangu alikuwa akiongea polepole, kama mtu anayechambua maharage.

"Shikamoo, bwana. Nimemfuata mtoto wangu."

"Baba yake iko sema ndiyo."

"Amesema. Baba yake ni mtu mwema sana."

"Basi?"

"Basi hana mtoto hapa."

Mdachi akamtazama ombasha. Ombasha akatazama kamba. Ikabidi mjomba aeleze mambo yetu, na kadiri alivyoeleza lile tumbo la ombasha likawa linaingia ndani.

Kaka akaja, akapiga goti. "Shikamoo mjomba. Niache hapa. Nikirudi nitalima, lakini nitakuwa nalima naangalia juu."

"Na siku zote ulikuwa unalima unaangalia wapi?" mjomba akamwuliza.

Mama akacheka, mkono mdomoni. Mjomba akamgeukia. "Dada, mimi nasemea ukoo, lakini uchungu ulikuwa wako. Sema."

Hapo ndipo watu wakamwona mama kwamba yupo. Akatua unga chini, akamwambia Mdachi, "Shikamoo bwana. Hicho chombo kikiwa huko juu, kikaharibika, kinakuwaje?"

"Iko shuka polepole."

"Siku zote polepole?"

Yule Mdachi angeweza kudanganya. Alijikuna shingo. "Hapana, mama. Siku ingine iko anguka."

Kaka alifumba macho, yale macho yake yote.

Mama akafikiri, kisha akasema, "Basi mfundishe ya hapa chini. Kusoma, na hicho kiti chenu cha wazimu. Siku chombo kikiletwa, asipande mpaka mje mniulize. Mimi, si baba yake."

Mdachi akakubali. Kaka akabaki, akaruka mwenyewe pale uwanjani bila chombo.

Chombo cha Mdachi hakikuletwa. Walimfundisha kupeleka habari kwa kioo na jua, kilima hadi kilima, na vita ilipokuja akawa anafanya kazi hiyo. Siku moja amepita nyumbani kutuaga, tukasikia ngurumo na mbingu nyeupe, haina hata wingu. Kilikuwa chombo cha Waingereza. Kijiji kizima tukalala kwenye mihogo, mjomba na kanzu yake ndani ya matope.

Kaka alisimama kiwanjani, kichwa juu. Mama akatambaa akamshika mguu anamvuta. "Lala, we mtoto, watakuua."

"Subiri, mama," akasema. "Yule wa nyuma anatazama upande siyo. Njia iko huku."