Vistari Kumi na Kimoja

Jina lake la kazini lilikuwa Kistari, na aliyempa jina hilo ni mimi. Nilikuwa mhadhiri mpya pale idarani, ulimi wangu mrefu kuliko shahada yangu. Siku moja nikafungua daftari lake la vipimo, nikakuta safu moja ina vistari vitatu badala ya namba. Nikamuuliza mbele ya watu kama namba zilikuwa zimekwisha dukani. Maabara nzima ikacheka, na jina likamganda kuanzia siku hiyo.

Yeye hakucheka wala hakununa. Alinieleza taratibu, kama anavyoelezwa mgeni njia ya kwenda msalani, kwamba chupa tatu zilivunjika njiani na maji yakamwagika, sasa nilitaka aandike nini?

"Sifuri ni kitu nilichokiona, Mwalimu," alisema. "Nimepima, nimekuta hamna. Kistari ni kitu ambacho sikukiona. Usivichanganye."

Hivyo ndivyo alivyokuwa, fundi wa maabara wa miaka thelathini, koti jeupe lenye kiraka mfukoni, penseli imefungwa uzi kwenye kifungo isije ikaazimwa. Aliosha chupa mara tatu, halafu mara ya nne kwa sababu ya kuitilia shaka ile ya tatu. Ukimuuliza habari za nyumbani alikujibu kwamba za asubuhi zilikuwa njema, za tangu alipotoka hazijui. Ulikuwa unataka kumkaba. Lakini alichokiandika ungeweza kukilalia usingizi, nasi tulikilalia kweli, idara nzima, miaka nenda miaka rudi.

Sasa alikuja mtu mmoja tuliyekuwa tukimwita Daktari, daktari wa vitabu, si wa sindano, mwenye chumba cha mwisho koridoni. Alitaka kujua kama maji ya visima vya mji wetu yana risasi, yale madini ya kwenye betri za magari, yanayoharibu akili za watoto wadogo polepole bila mtu kuona. Visima vilikuwa arobaini. Kistari alivizunguka vyote kwa miguu na baiskeli, akajaza chupa, akabandika namba, akaanza kupima. Alipofika kisima cha thelathini taa ya mashine ikaungua. Bila taa ile mashine haioni risasi hata ukiitia kipande kizima. Barua ya kuagiza taa ilipelekwa, ikajibiwa, ikapelekwa tena. Taa haikuja. Kistari akashika penseli yake, akaandika kistari kuanzia kisima cha thelathini hadi cha arobaini. Vistari kumi na kimoja.

Visima hivyo vya mwisho vilikuwa vyote vya kata ya chini, nyuma ya kiwanda cha betri kilichofungwa zamani. Huko ndiko alikokuwa anaishi dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na ambaye sasa alikuwa analea mjukuu wa kike asiyetimiza mwaka.

Kilichofuata hata siwezi kukiita wizi. Daktari namfahamu, si mwizi, ni mtu wa haraka. Alipoingiza namba kwenye kompyuta, kompyuta ikakataa kupiga wastani wa safu yenye vistari. Ilitaka namba. Daktari akaipa namba. Makala ikaandikwa, mkuu wa idara akatiwa kama mwandishi wa pili, ilivyo desturi ya wakuu wa idara, ikapelekwa kwenye jarida, na baada ya miezi sita ikatoka. Ilisema waziwazi kwamba visima kumi na kimoja vya kata ya chini havikuwa na risasi hata chembe.

Kistari aliisoma kwa sababu alikuwa anatafuta jina lake. Halikuwemo. Mwishoni, kwenye shukrani, palikuwa na mstari mmoja wa kumshukuru "fundi wa maabara kwa msaada wake". Alikuwa ameshaanza kuikunja aondoke nayo, jicho lake likaangukia jedwali: palipokuwa na vistari vyake pameandikwa sifuri.

Wiki hiyohiyo ofisi ya maji ilikuwa imeisoma pia. Kama kata ya chini ina maji salama namna hiyo, watu wake wa nini kwenda kata nyingine na ndoo kufuata ya kunywa? Kisima cha thelathini na nne kitiwe pampu, mabomba yatandazwe hadi uani kwa watu. Kata nzima ikafurahi, na dada yake Kistari akafurahi kuliko wote, maana shingo yake ilikuwa imepinda kwa miaka ya kujitwika maji.

Kistari alikwenda kwa Daktari, akamwekea daftari mezani. Daktari alikuwa mpole sana. Akamweleza kwamba hata ukivitoa visima hivyo, hoja kuu ya makala inasimama palepale, na kwamba kusahihisha jarida si mchezo, jina la mtu huchafuka. Akamshika bega, akamsindikiza mlangoni. Kistari akaenda kwa mkuu wa idara, akaambiwa afuate taratibu. Akaandika barua kwa mhariri wa jarida, kwa mkono kwanza, halafu akaipiga chapa kwa kidole kimoja. Akajibiwa kwamba ombi la kusahihisha makala hupokewa kutoka kwa waandishi wa makala peke yao.

Ndipo alipokuja kwangu. Ilikuwa mchana, nasahihisha mitihani, jasho linanitoka. Akakaa, akafungua makala, akaweka kidole kwenye maandishi madogo ya ukurasa wa kwanza.

"Wanasema hii ilipitiwa na wahakiki wawili kabla ya kutoka," alisema. "Hao ni watu wa namna gani, Mwalimu? Mtu anakuta sifuri kumi na moja zimefuatana, visima vya nyuma ya kiwanda cha betri, na haulizi?"

Mmoja wao nilimjua vizuri. Alikuwa mimi.

Makala ililetwa kwangu bila majina ya waandishi, ndivyo inavyofanywa, lakini nani mwingine angepima visima arobaini vya mji wangu kama si watu wa koridoni kwangu? Nilipaswa kuirudisha siku ileile nikisema hawa nawajua. Sikurudisha. Nilipewa wiki tatu, nikaifungua siku ya mwisho, katikati ya mafungu mawili ya mitihani. Na zile sifuri niliziona, sitasema uongo. Jicho lilisimama pale. Nikajiambia, ajabu hii, kisha nikajiambia mhakiki mwenzangu atauliza. Bila shaka naye alijiambia hivyohivyo kuhusu mimi. Nikaandika kwamba data ni safi, hoja zimepangika, na nikasahihisha alama nne za mkato. Mikato minne! Mtu mzima na shahada zangu nilikaa nikahangaika na mikato.

Nilimwambia. Nilimwambia yote, pamoja na mikato. Nilitegemea aniinukie, anitukane, angalau anipe kisogo. Aliizungusha ile penseli kwenye uzi wake, halafu uso ukamchangamka.

"Basi afadhali," alisema. "Mimi kwao ni mtu wa shukrani tu. Wewe wanakujua. Waandikie, Mwalimu, watakusikia."

Bora angenizaba kofi. Alitoka mle chumbani anatembea upesi, kama mtu aliyepata dawa.

Niliandika siku hiyohiyo. Nilikiri kwamba niliwajua waandishi, kwamba sikusoma kama ipasavyo, kwamba namba kumi na moja za jedwali la pili si vipimo. Jibu lilikuja baada ya siku tisa. Lilinishukuru. Lilisema kazi ya mhakiki hukoma makala inapokubaliwa, na kwamba kama msomaji yeyote nina haki ya kuleta barua ya kupinga, mradi iambatane na vipimo vipya. Chini yake waliniwekea hati ya pongezi kwa uhakiki uliofanywa kwa wakati, jina langu limeandikwa kwa rangi ya dhahabu.

Vipimo vipya vilitaka taa, na taa haikuwepo. Maabara ya serikali ilikuwa na mashine nzima, lakini haipokei chupa ya mtu hivihivi, lazima iwe na barua yenye muhuri wa mkuu wa idara. Nilikwenda kwa mkuu wa idara. Aliniuliza kama nataka kuivunjia idara jina kwa ajili ya vistari. Nikatoka pale nikaenda moja kwa moja ofisi ya maji. Bwana wa maji alinipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho bila kutazama saa, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amenitendea kwa mwezi mzima.

"Sasa Mwalimu, nisaidie," alisema. "Maji yana sumu au hayana?"

Nikamwambia hatujui, ndiyo taabu yenyewe.

"Mimi nina karatasi inasema hayana. Yako inasema nini?"

Sikuwa na karatasi. Nilikuwa na hati ya pongezi.

Mabomba yalifunguliwa. Kistari akaanza kubeba madumu ya maji kutoka kwake, mawili kwenye baiskeli, kila Jumatano na Jumamosi, hadi kwa dada yake, na akamsihi asiyaguse ya bomba. Jumamosi moja akaniomba tufuatane. Alisema yeye ni mdogo mtu, hasikilizwi, lakini mwalimu wa chuo dada yake atamheshimu.

Tulimkuta uani, mjukuu mapajani, bomba jipya linang'aa kando ya mlango. Nilimsalimia shikamoo, nikaketi, nikaeleza. Nilieleza vizuri, nadhani, taa, vistari, sifuri, na kosa langu sikulificha. Yule mama alinisikiliza kwa adabu yote. Nilipomaliza hakunijibu mimi, alimgeukia ndugu yake.

"Mdogo wangu, hebu niambie. Umeyapima ukakuta sumu?"

Neno moja lingetosha. Angesema ndiyo, dada yake asingeligusa bomba lile maisha yake yote. Nilimkazia macho Kistari nikiomba kimoyomoyo adanganye, mara moja tu, tangu azaliwe. Mkono wake ulikwenda mfukoni kwenye penseli, ukarudi.

"Sijayapima, Dada."

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui."

"Wenye kupima wameandika kwenye kitabu kwamba ni mazuri, na mkutanoni tumesomewa," alisema, tena kwa upole, anavyosemeshwa mtoto anayeogopa giza. "Wewe na sijui zako tangu ukiwa mdogo. Hayo madumu usijichoshe nayo, mwenzako nayafulia tu."

Kisha akanipa mtoto nimshike, akainuka, shingo imepinda vilevile, akafungua bomba. Alijaza glasi mbili za wageni na kikombe kidogo cha mtoto. Kistari alipokea glasi yake akainyanyua kwenye mwanga, kama anavyofanya na chupa zake kazini. Nikasema, mjinga mimi, kwamba yanaonekana safi.

"Risasi haionekani," akanijibu.

Dada yake alimchukua mjukuu, akamshikisha kikombe. Mtoto akakibana kwa mikono miwili, akanywa kwa pupa, akapumua, akanywa tena, mengine yakimtiririkia kidevuni. Kistari alimtazama mpaka kikombe kikaisha na mtoto akakinyoosha aongezwe. Alikuwa analia, bila sauti, na dada yake hakumwona kwa sababu alikuwa amegeukia bomba. Kisha akainywa glasi yake yote, nami nikanywa yangu.